KAMIONETE INAYOFIKIRI KWANZA
Kwa nini vitesi inakawia kuingia, na namna ya kutafuta ugonjwa wake



Katika gazeti letu tumezoea kuandika juu ya usafi wa interna, michezo na mitihani. Leo tunaandika juu ya kamionete ya masomo, juu kuna neno moja tunalopaswa kulisahihisha mbele ya watu wote. Musome mpaka mwisho, hata ninyi ambao hamuko katika sehemu ya mekanike.

Wote munajua kamionete yetu. Njo inayoleta unga wa muhogo na makala kwa interna, njo inayopeleka wagonjwa hospitali. Haifanani na kamionete na lori nyingi tunazoona zikitoka Banalia au Bafwasende na mizigo, zile za vitesi ya mkono. Yetu ni ya bwate otomatike: haina pedali ya ambreaji. Shofere anaweka mkono wa vitesi kwa D, inakwenda mbele. Kwa R, inarudi nyuma. Kwa N, motere inazunguka bure. Kwa P, inafungwa.

Mwanzo wa trimestri hii, usiku mmoja, dada yetu wa darasa la chini alishikwa na homa kali sana. Papa shofere aliamshwa, akawasha motere, akatia D. Motere ilinguruma, lakini kamionete ilisimama pale pale. Mwanafunzi mmoja aliona kama haiendi, akapita mbele yake ili afungue mlango wa kiwanja. Pale pale kamionete ikaruka mbele kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Ndugu yetu alijitupa pembeni, akachubuka goti. Tunamshukuru Mungu, haikuwa zaidi ya goti. Mgonjwa alifika hospitali na leo yuko darasani.

Asubuhi yake maneno yakaanza. Wengine walisema Papa shofere alikuwa amekunywa. Wengine waliandika kwa ubao jina la kumcheka. Wakubwa walianza kuuliza kama afaa kuendelea na kazi. Na sisi makapita, tuliopaswa kunyamazisha maneno yale, tulicheka pamoja na wengine. Papa alijibu neno moja tu: "Bana yangu, mimi sinywi pombe. Hii mutuka, ukiitia D, inafikiri kwanza."

Mwalimu wetu wa mekanike alisikia, akatuita sisi wa mwaka wa mwisho. Akasema: "Mbele ya kuhukumu mutu, mupime mashini." Basi tulipima. Haya ndiyo tuliyojifunza.

1. BWATE OTOMATIKE INAFANYA KAZI NAMNA GANI

Katika motokari ya vitesi ya mkono, shofere anakata nguvu ya motere kwa mguu, anachagua meno kwa mkono, kiisha anaachia ambreaji. Katika otomatike, kazi ile yote inafanywa na mafuta.

Kwanza kuna konvertisere. Fikiri vantilatere mbili zinazotazamana: moja ukiitia umeme, upepo wake utazungusha na ile nyingine, hata kama hazigusani. Konvertisere ni vile, lakini pahali pa upepo ni mafuta. Upande mmoja unazungushwa na motere, mafuta yanarushwa, upande wa pili unazunguka. Njo maana motokari inaweza kusimama na D ndani bila motere kuzimika. Aliyevumbua jambo hili ni injinia Mdachi, Hermann Föttinger, mwaka wa 1905, na hakulifanya kwa motokari. Alilifanya kwa mashua kubwa za bahari! Sisi watu wa mto tusishangae basi. Bwate otomatike ya kwanza kuuzwa kwa watu wengi, Hydra-Matic ya General Motors, ilitoka Marekani mwaka wa 1939.

Pili kuna pompe. Inazungushwa na motere, inavuta mafuta chini kwa karteri, yanapita katika filtri, kiisha inayasukuma kwa nguvu katika njia nyembamba nyingi.

Tatu kuna disiki, zimepangwa moja juu ya ingine kama sahani. Pembeni ya kila fungu la disiki kuna pistoni. Mafuta yakiingia nyuma ya pistoni, inabana disiki, disiki zinashikana, na vitesi imeingia. Mafuta yakitoka, disiki zinaachana.

Wanafunzi wa fizike wanakumbuka sheria ya Pascal. Tuseme pistoni iko na upana wa sentimeta mraba 80, na mafuta yanasukuma kwa kilo 4 kwa kila sentimeta mraba. Nguvu ya kubana disiki ni 80 mara 4, maana yake kilo 320. Mafuta yakipunguka nguvu mpaka kilo 2, inabaki kilo 160 tu. Hapo disiki hazishikani sawasawa, zinatelezana, zinaungua.

2. BIDONI NA ROBINE

Sasa, kukawia ni nini? Ni wakati ambao mafuta yanahitaji ili yajaze nafasi ya nyuma ya pistoni. Kila mmoja wetu amekwisha kusimama na bidoni mbele ya robine. Bidoni inakawia kujaa kwa sababu gani? Ziko nne tu:

a) maji ni machache kule yanakotoka;
b) njia imezibwa na uchafu;
c) nguvu ya kusukuma ni ndogo;
d) bidoni yenyewe imetoboka.

Katika bwate ni vile vile. Mafuta machache ni jambo la (a). Filtri iliyojaa uchafu ni jambo la (b). Pompe iliyochoka, ao motere inayozunguka polepole mno ikisimama, ni jambo la (c). Mipira ya pistoni iliyokauka na kupasuka kwa uzee na moto ni jambo la (d).

Muone sasa hekima ya kufuata mpango huu. Jambo la (a) na la (b) mtu anaweza kulitengeneza chini ya mti, na franka kidogo. Jambo la (d) linaomba kuteremusha bwate nzima na kuifungua vipande vipande. Lakini watu wengi wanaanza na la mwisho! Mutu anasema "bwate imekufa", anatafuta ingine ya kununua, kumbe ilikuwa njaa ya mafuta.

3. KUKAWIA KUNA NAMNA MBILI

Mwalimu alituonya tusichanganye magonjwa mawili.

Namna ya kwanza: unatoa mkono kwa N ao P, unatia D ao R, na motokari inangoja mbele ya kushika. Huku ni kukawia kuingia. Njo ugonjwa wa kamionete yetu, na njo ule wa bidoni.

Namna ya pili: motokari inaondoka vizuri, lakini njiani inakawia kubadili kutoka vitesi ya kwanza kwenda ya pili, ao ya pili kwenda ya tatu. Motere inalia sana kiisha inabadili. Hapa mara nyingi mafuta hayana kosa. Bwate inapokea habari mbaya. Katika bwate za zamani kuna kable inayotoka kwa akseleratere kwenda kwa bwate, kusema shofere amekanyaga namna gani. Ikikazwa kupita kiasi, bwate inafikiri shofere anakanyaga sana, na inangoja. Katika Toyota nyingi zenye kable hiyo, ukikanyaga akseleratere mpaka chini, alama ndogo iliyobanwa juu ya kable inapaswa kuwa kati ya milimeta 0 na 1 kutoka mwisho wa kifuniko chake cha mpira. Katika bwate zenye ordinatere, habari inaletwa na waya: kuna kipimo cha mbio, na kuna solenoidi, maana yake mlango mdogo wa mafuta unaofunguliwa kwa umeme. Waya ikikatika, ordinatere inabaki bila akili.

Vile vile si kila kukawia ni ugonjwa. Bwate nyingi zenye vitesi nne zinakatalia ile ya nne asubuhi, mpaka motere ipate moto. Tena kwa mkono wa vitesi kuna kifungo kidogo cha kuzuia ile ya nne. Mtoto akikigusa akicheza, taa ya O/D OFF inawaka, na baba mwenye motokari anakimbilia garaji kutoa franka bure.

Taa hiyo ikiwakawaka yenyewe, si kifungo tena. Ni ordinatere inayoomba msaada. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1980 na 1990, fundi anaunga kwa waya mdogo matundu mawili yaliyoandikwa TE1 na E1, na taa inahesabu ugonjwa kwa kuwakawaka: 61 ni kipimo cha mbio, 62 na 63 ni solenoidi za kubadili vitesi. Kazi hii ifanywe na anayeijua, juu ukikosa tundu utaunguza vitu vya bei.

4. TULIPIMA SAA

Papa shofere alisema "inafikiri". Mwingine alisema inakawia "sana", mwingine "kidogo". Mwalimu alikataa maneno hayo yote. Alitaka sekunde.

Kipimo ni hiki. Motokari inatembezwa kwanza mpaka mafuta ya bwate yapate moto, kati ya digri 50 na 80. Inasimamishwa pahali pa sawasawa, magogo mbele na nyuma ya pine, freni ya mkono imevutwa, freni ya mguu imekanyagwa. Mutu asisimame mbele wala nyuma. Motere inazunguka bila kukanyagwa. Shofere anatoa mkono kwa N anatia D. Wakati ule ule mwingine anaanzisha saa ya telefone yake. Mara tu mnaposikia kamionete inatikisika kidogo, kukamata vitesi, anaisimamisha. Wanarudisha N, wanangoja dakika moja. Wanafanya mara tatu, wanatafuta wastani. Kiisha vile vile kwa R.

Vitabu vya bwate nyingi za Toyota vinasema: kutoka N kwenda D ipunguke sekunde 1.2, kutoka N kwenda R ipunguke sekunde 1.5. Bwate ya kutengenezwa na wengine inaweza kuwa na hesabu nyingine, lakini ikipita sekunde mbili kuna sababu. R inapewa wakati zaidi kwa sababu katika bwate nyingi pistoni yake ni kubwa, ni bidoni kubwa ya kujaza.

Kamionete yetu ilitoa nini? Ikiwa na moto: D sekunde 2 na nusu, R sekunde 4. Asubuhi ikiwa baridi: D sekunde 4, R sekunde 6. Ndugu wasomaji, muhesabu polepole moja mpaka sita, kiisha mufikiri juu ya mwanafunzi anayepita nyuma yake.

Pale pale tulijua mambo mawili. La kwanza: Papa shofere hakusema uongo. La pili: ugonjwa unazidi asubuhi, wakati mafuta ni mazito na mipira ni migumu. Ilikuwa dalili ya mafuta, filtri ao mipira.

5. TULITAZAMA MAFUTA

Watu wengi wanapima mafuta ya bwate kama ya motere, motokari ikiwa imezimwa. Kwa otomatike nyingi ni kosa. Bwate iwe na moto, motokari isimame pahali pa sawasawa, motere inazunguka. Kwa mguu juu ya freni, mkono wa vitesi unapitishwa polepole P, R, N, D mpaka mwisho, kiisha unarudishwa P. Njo unachomoa fimbo ya kupimia. Uifute na kitu kisichoacha nyuzi, juu uzi mmoja unaweza kuziba njia nyembamba ndani. Uirudishe mpaka mwisho, uichomoe tena, usome kati ya alama za moto. Kuna bwate za siku hizi zisizokuwa na fimbo kabisa. Hizo zinapimwa chini kwa kifuniko, na kipimo cha moto mkononi. Kitabu cha motokari ndicho kinachosema.

Rangi nayo inasema:
- Nyekundu na safi: vizuri.
- Kahawia, na harufu ya kuungua: disiki zimetelezana.
- Kama maziwa yenye rangi ya waridi: maji yameingia, ao kwa radiatere iliyotoboka ndani, ao kwa kijito ulichovuka maji yakiwa juu. Usitembeze hata kidogo.
- Vipande vya chuma vinavyong'aa: jitayarishe kufungua bwate.
- Povu: mafuta yamezidi ao yamepunguka. Ndiyo, hata kuzidi ni ubaya! Meno yanayapiga kama mayai, hewa inaingia. Mafuta hayabanwi lakini hewa inabanwa, mulijua kwa pompe ya kinga. Pistoni inayosukumwa na povu haina nguvu.

Fimbo yetu ilitoka karibu kavu, mafuta kidogo kwa ncha, rangi ya kahawia nzito. Mwalimu aliyasugua kati ya vidole, akatikisa kichwa. Akamwuliza Papa shofere kama kuna aliyeongeza mafuta. Papa alikumbuka: katika safari moja, kwa pahali pa kusimama njiani, mutu aliongeza mafuta ya motere akisema "mafuta ni mafuta". Papa aliona yanashuka, akashukuru.

Hapana, ndugu zangu, mafuta si mafuta. Ya otomatike ni mepesi, na yanatiwa dawa inayoongoza namna disiki zinavyoshikana, zisirukiane wala zisitelezane, na ingine inayolinda mipira. Zamani kwa kazi hiyo walitia hata mafuta ya nyangumi, mpaka Marekani ilipokataza biashara yake mwanzo wa miaka ya 1970. Kiisha wanakemia walitafuta dawa nyingine. Muone vile watu walivyohangaika juu ya kopo moja jekundu! Kwa hiyo usiongeze neno lisiloandikwa kwa fimbo ao katika kitabu. Yetu imeandikwa Dexron, basi ni Dexron.

Lakini kwa nini yalipunguka? Bwate haiyali mafuta kama motere ya zamani. Yakipunguka, yametoka pahali. Tulilala chini na taa, tukafuata unyevu, tukaona bomba la mpira linalopeleka mafuta kwa radiatere kupoa. Kifungo chake kililegea, tone moja, tone moja, kila siku. Kwa mchanga wa kiwanja alama haikuonekana.

6. TULIFANYA NINI

Kwanza tulitazama vitu visivyoomba franka. Mbio ya motere ikisimama: ni sawasawa. Fimbo zinazounga mkono wa vitesi na bwate: hazikulegea. (Zikilegea, mkono unaonyesha D na bwate iko nusu njia, nayo itakawia.) Tulibadili kifungo na kipande cha bomba.

Kiisha tulingoja mafuta. Hapa Kisangani si kila duka lina makopo yale. Yetu yaliletwa na mfanyabiashara wa njia ya Bunia, zaidi ya kilomita 600 za barabara. Katika siku zile za kungoja, interna ilipokea unga kwa kichwa na kwa kinga, wote munakumbuka.

Makopo yalipofika tulifungua karteri. Ndani kuna sumaku ndogo ya kukamata chuma. Juu yake tulikuta uji mweusi laini, na hiyo ni kawaida ya bwate iliyotembea. Hatukuona vipande. Filtri lakini ilikuwa imefunikwa kama kitambaa cha kuchujia mawese. Tulitia mpya, tukasafisha karteri, tukakaza buloni kidogo kidogo kwa kupishana, juu ukikaza upande mmoja kwanza, karteri inapinda na inavuja.

Mujue kwamba ukimwaga kwa karteri, si mafuta yote yanatoka. Sehemu kubwa inabaki katika konvertisere. Tulitia mapya, Papa akatembeza siku mbili, tukamwaga tena, tukatia tena. Tuliongeza kwa mfereji mwembamba, kidogo kidogo, tukipima kila mara. Mafuta machafu tuliyaweka katika bidoni yenye kifuniko. Hatukuyamwaga kwa mtaro, kwani mtaro unakwenda Tshopo, na maji ya Tshopo yanafika mto mkubwa, na samaki tunakula sote.

Tulipima saa tena. Ikiwa na moto: D sekunde 1.1. R sekunde 2.

Tunasema ukweli wote: R haijapona kabisa. Mafuta mapya hayawezi kufanya mpira wa zamani kuwa kijana. Mwalimu anafikiri mpira wa pistoni ya R umeanza kukauka, na siku moja bwate itafunguliwa. Lakini siku ile itakuwa kazi ya kupanga na feza ya kutafuta kwa utaratibu, si hasara ya gafula usiku mgonjwa akiwa nyuma.

7. KWA WALE WENYE VITESI YA MKONO

Wazazi wengi wako na kamionete ao lori ya vitesi ya mkono, na huko pia vitesi inakataa kuingia. Mpango ni ule ule: anza na kisicho na bei. Kama vitesi zote ni ngumu motere ikizunguka, lakini zinaingia vizuri motere ikizimwa, kosa ni la ambreaji: haikati kabisa. Tazama mafuta ya ambreaji, tazama kama hewa imeingia katika bomba lake, tazama urefu wa pedali. Kama ni vitesi moja tu inayolia, mara nyingi ya pili, pete ya shaba inayosawazisha mbio ya meno imekwisha. Kama ni ngumu asubuhi tu, mafuta ya bwate ni mazito mno ao si yake.

8. MAAGIZO KWA WANAFUNZI WOTE

Haya tumekubaliana na walimu, na makapita watayasimamia:

Moja. Motere ikiwaka, hakuna mutu kupita mbele wala nyuma ya kamionete, hata kama inaonekana imesimama. Kamionete inayokawia haijasimama, inangoja.

Mbili. Shofere akiona inakawia, asikanyage akseleratere kuihimiza. Motere ikiwa na mbio wakati disiki zinashika, inaruka, na disiki zinaungua. Akae na mguu juu ya freni mpaka ishike. Papa shofere alifanya kosa hilo usiku ule, juu ya haraka ya mgonjwa, na yeye mwenyewe alituomba tuliandike.

Tatu. Batri ikikufa, tusisukume kamionete. Tumezoea kusukuma motokari za watu na kupewa pesa ya mkate, lakini otomatike haiwaki kwa kusukumwa: pompe inazungushwa na motere, motere isipowaka hakuna mafuta, disiki hazishiki. Tutachoka bure. Kwa sababu ileile isivutwe mbali kwa kamba pine za kuvuta mzigo zikizunguka chini, juu bwate inazunguka bila mafuta.

Nne. Ikikwama katika matope, isizungushwe pine bure muda mrefu. Moto wa konvertisere unapanda upesi sana. Tutashuka, tutachimba, tutatia miti. Tuna mikono.

Tano. Kila siku ya posho asubuhi, mwanafunzi mmoja wa mekanike atapima mafuta pamoja na Papa shofere na kuandika katika kaye. Kila mwezi tutapima saa ya D na R. Siku hesabu itakapoanza kupanda, tutajua mbele ya usiku kutufundisha.

9. NENO LA MWISHO

Kaye ile iko sasa katika ofisi, na jina la kwanza juu yake ni la Papa shofere. Wakubwa waliona hesabu, na neno la kumwondoa halisemwi tena. Lakini ubao ulioandikwa ulifutwa kwa kitambaa tu, na maneno yaliyosemwa kiwanjani hayafutwi hivyo. Ni sisi makapita tulicheka, basi ni sisi tunaoanza: Papa, utusamehe. Ulituambia ugonjwa kwa lugha nyepesi, ya kweli, na hatukusikiliza juu hatukujua bwate ni nini.

Tunaondoka katika masomo haya mwaka huu, baada ya mtihani wa Serikali. Wadogo zetu, tunawaachia filtri ya zamani juu ya meza ya atelie. Muitazame. Miezi mingi ilikuwa inazibwa polepole, bila kelele, na sisi tulikuwa tunapita pembeni tukihesabu makosa ya mutu.

Ni sisi,
Kapita wa wanafunzi, kwa jina la mwaka wa mwisho, sehemu ya mekanike
Kisangani